Maji Yasiyo na Chumvi

Kigoma, Jumamosi usiku

Nywele hazijakauka bado, na nikilamba midomo sipati chumvi. Mimi ni mtoto wa Tanga, kuzamia nimejifunzia Mafia, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvaa mtungi ziwani. Wenzangu waliposikia naenda Ziwa Tanganyika waliniuliza kama huko kuna matumbawe. Hakuna. Kuna mawe makubwa yaliyorundikana hadi chini, maji maangavu, na samaki ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani.

Mzee mwenye mtumbwi alinitazama nikijifunga mkanda, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kuna mtu kazama?"

"Hapana, mzee wangu. Naenda kuwatazama samaki tu."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Mungu akurudishe." Swali lake nilishuka nalo.

Nilipunguza kilo mbili za vizito vya risasi kwenye mkanda, maana maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari. Hesabu za kina na muda nazo zilibadilika: uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mzamiaji anapopanda, vipovu hatari vya naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa tunayovuta, hujitengeneza mwilini kwa urahisi zaidi. Nilikaa mita 12, basi. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini huko kwenye giza hakuna oksijeni. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu, na wazo hilo lilinifanya nipige mapezi taratibu, kama niliyeingia chumba cha watu.

Mawe yalipoisha ulianza mchanga, na juu ya mchanga magamba matupu ya konokono, yamekusanywa mahali pamoja. Nikapiga magoti. Mkusanyaji alikuwa samaki wa urefu wa kiganja changu, dume. Wataalamu humwita Lamprologus callipterus. Alikuja na gamba mdomoni, akaliweka, akalisogeza, akaondoka, akarudi na jingine. Jike ni mdogo mno, dume humzidi uzito zaidi ya mara kumi. Jike ndiye anayeingia ndani ya gamba, akataga na kuyalinda mayai humo. Dume hawezi kupenya. Kazi yake ni kutafuta nyumba, na wakati mwingine huziiba kwa jirani, hata zenye jike ndani.

Nilimtazama mpaka geji ya hewa ikaniambia nipande. Kule bahari ya Mafia nilizoea kufukuzia vikubwa, kasa na papa potwe. Sikumbuki kupiga magoti mbele ya kitu kidogo kwa muda mrefu hivyo.

Kitu kimoja kiliniuma. Upande wa mlima uliokatwa miti, mawe yalikuwa yamefunikwa tope laini, na samaki walikuwa wachache. Mvua ikinyesha udongo wote unateremka ziwani.

Jumatatu sipandi treni, nitasubiri hadi Jumanne. Reli inapanda hadi Tabora, kama mita 1,200, na mwili uliotoka kuzamia unahitaji kupumzika kwanza kabla ya kupandishwa.

Kesho asubuhi mzee atanirudisha palepale. Gamba la mwisho alilolileta yule dume liliyumba kidogo lilipotua, na nataka kujua kama ndani mlikuwa na mtu.