Dungu la Rufiji lilivyonifutisha mchoro wangu

Nilishuka Ikwiriri asubuhi, nikapanda bodaboda kuelekea mtoni. Tulipofika Daraja la Mkapa nilimwomba kijana apunguze mwendo. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja, lakini kiangazi kile mto wenyewe ulikuwa umejikunyata, michanga imetanda kila upande. Mgeni angeuliza daraja refu hivi la nini. Ng'ambo, nikielekea Mohoro, nilipata jibu kwenye kuta za matofali: mstari wa tope kavu, usawa wa kifua changu, alama ya mafuriko ya Aprili 2024.

Kazi yangu ni kuchora nyumba, na safari hii nilikuwa nayafuata madungu. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mkulima wa bondeni hukaa humo msimu wa mpunga, akiamia ndege na kufukuza nguruwe na viboko. Maji yakipanda, habanduki; mtumbwi anaufunga chini.

Nilimkuta mzee mmoja akikaza kamba za dungu lake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Panda. Limebeba magunia, litakushindwa wewe?”

Nikapanda. Nguzo tisa, hata moja haijanyooka, na chini ya miguu fito zilizoachana kiasi kwamba niliona ardhi. Nilipoteremka akaniita kwenye nguzo ya pembeni, akabonyeza kwa dole gumba pale mti unapoingia ardhini. Ukabonyea kama muhogo uliooza. Akafukua kwa jembe, tukagonga mti huohuo chini zaidi: mgumu. Juu pia mgumu. Mti hufia pale hewa na unyevu vinapokutana. Sisi wachoraji tunaijua sababu, ndiyo maana mguu wa zege hupandishwa juu ya ardhi na nguzo ikafungwa kwa chuma juu yake. Lakini kuijua sababu na kuigusa kwa kidole ni mambo mawili.

Kilichonishangaza zaidi ni mihimili ya mshazari. Ilikuwa pande mbili tu, imelala kufuata mkondo. Nikamuuliza mbona pande nyingine zimeachwa wazi.

“Maji yanatoka kule,” akaonyesha magharibi. “Ukikingamisha mti, gogo linanasa. Kwenye gogo yananasa majani. Kesho dungu limekuwa ukuta, na ukuta maji hayauachi.”

Hapo nilikaa chini kabisa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Nguzo nyembamba inapishana na nguvu hiyo. Ukuta unaibeba yote. Nimeona nyumba nzuri za kuinuliwa zikiharibiwa na wenyewe: mwaka wa kwanza chini wazi, wa pili stoo, wa tatu chumba cha kupangisha. Na mijini tunajaza kifusi tukaita ndiyo kuinua nyumba, kumbe tumemsukumia jirani maji.

Kuna wanaosema watu wahame tu. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia watu wengi wa bonde hili kwenye miinuko, na usalama ulikuwa sababu ya kweli. Ila mashamba yalibaki bondeni. Mlau, yaani kilimo cha kupanda maji yanapopwa, unategemea unyevu na rutuba ambavyo mto wenyewe umeacha. Watu walirudi chini kulima, na wataendelea kurudi. Basi wanastahili nyumba inayojua hivyo.

Mwisho nikamuuliza kimo cha sakafu alikipimaje. Akanipeleka kwenye mwembe, akanionyesha mkato wa panga juu ya kichwa changu: maji yalifika hapo. Juu ya mkato akaweka mkono wake, kiwiko hadi ncha ya vidole. “Na hiki cha mawimbi,” akasema.

Nikatoa futikamba. Kutoka ardhini hadi sakafu ya dungu: mita 2.9. Kwenye daftari, kwa ajili ya nyumba ya mwalimu niliyotakiwa kuichora huku bondeni, nilikuwa nimeandika mita 1.2. Nikaifuta palepale, mzee akinishikia daftari lisipeperuke.