Mradi wa Italia polepole kwa wawili: Padova imekamilika, Bologna inaendelea, Roma inaandaliwa

Huu ni mradi wetu wa kusafiri Italia polepole, na kanuni yake ni hii: watu wawili, kituo kimoja kwa wiki kadhaa, matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa treni za mkoa, na chakula kingi kupikwa nyumbani. Italia inayomaliza pesa ni ile ya kuhamahama. Kila ukihama unalipa tiketi ya masafa marefu, ada ya usafi wa nyumba ambayo ni ileile hata ukilala usiku mmoja, na mafuta, chumvi na sabuni vya kununua upya. Juu yake kuna kodi ya utalii, inayotozwa kwa kila mtu kila usiku. Kodi hiyo ina ukomo katika miji mingi: Bologna na Venezia huhesabu usiku 5 mfululizo, Firenze 7, Roma 10. Ukiendelea kukaa, hulipi tena. Ukihamia nyumba nyingine, hesabu huweza kuanza upya. Wenye nyumba wengi huitaka taslimu, kwa hiyo weka noti ndogondogo kando.

Viza na hesabu ya fedha

Kwa pasipoti za Tanzania, Kenya na majirani zake, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haiepukiki. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa.

Italia ina jedwali lake la kiwango cha chini cha fedha, la mwaka 2000, na linawafaa wanaosafiri wawili kwa muda mrefu. Kwa watu wawili au zaidi wanaokaa zaidi ya siku 20, kila mmoja anaonyesha euro 118.79 kama kiasi cha msingi, pamoja na euro 17.04 kwa siku. Kwa siku 30 hiyo ni 629.99 kwa mtu, au 1,259.98 kwa wawili. Wakikaa siku 8 tu, kila mmoja huhesabiwa 26.33 kwa siku. Hicho ni kiwango cha chini tu. Anayepitia maombi hutazama pia kama mwenendo wa akaunti unaeleweka, na fedha nyingi zilizoingia wiki moja kabla ya miadi huleta maswali.

Padova: kituo kilichokamilika

Padova ilichaguliwa badala ya Venezia, na tunaipendekeza bila kusita. Treni ya Regionale Veloce, yaani ya mkoa iendayo haraka, hufika Venezia kwa karibu nusu saa, kwa takribani euro 5, na Vicenza na Verona ziko kwenye njia hiyohiyo upande wa pili. Bei ya treni za mkoa hufuata umbali, haipandi siku zikikaribia, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata mapema. Amka, tazama anga, ndipo uamue.

Venezia hutoza ada ya kuingia kwa wasiolala mjini humo, iliyoanza Aprili 2024. Si kila siku. Ni siku zilizotangazwa, nyingi za mwisho wa wiki kati ya Aprili na Julai. Ni euro 5 ukijisajili mapema na 10 ukichelewa. Saa zake ni 2:30 asubuhi hadi 10 jioni. Atakayefika baada ya saa 10 jioni hadaiwi kitu, na ndiyo saa ambayo makundi ya watalii yanaelekea stesheni na vichochoro vya mtaa wa Cannaregio vinarudi kwa wenyeji. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo tembea kwa miguu, na pale panapohitajika kuvuka Mfereji Mkuu tumia gondola ya kuvushia watu, euro 2.

Kanisa dogo la Scrovegni, lenye michoro ya mchoraji Giotto iliyokamilika karibu mwaka 1305, haliingiwi hivihivi tu. Nafasi huwekwa mapema, watu 25 kwa zamu. Kwanza mnakaa dakika 15 katika chumba cha kusawazisha hewa, kisha dakika 15 ndani. Sababu ni unyevu: pumzi na jasho la watu huharibu michoro iliyopakwa kwenye plasta. Mlango wa chumba hicho ukishafungwa, aliyechelewa amepoteza zamu na fedha zake. Fika nusu saa kabla, uchukue tiketi na kukabidhi mizigo. Kadi ya PadovaCard hulipia kanisa hilo pamoja na tramu na mabasi, lakini saa ya kuingia bado huwekwa.

Jikoni, Veneto, mkoa wa Padova na Venezia, ni nyumbani kwa mla ugali. Huko hupikwa polenta nyeupe, si ya njano pekee. Kwenye rafu soma aina ya unga: *bramata* ni chenga kubwa, inahitaji dakika 40 na zaidi na haikazi kama tulivyozoea, *fioretto* ni laini, na ya mahindi meupe husongwa ikawa ugali wa kweli. Epuka pakiti iliyoandikwa *istantanea*: imeshapikwa kiwandani na huishia kuwa uji tu. Mboga nunua kwenye viwanja vilivyolizunguka jumba la kale la Palazzo della Ragione, karibu na saa ya kufunga. Katika supamaketi vaa glovu ya plastiki, pima matunda, bonyeza namba yake na ubandike lebo. Penye mizani ya kujipimia, ukifika kwa keshia bila lebo utarudishwa huku foleni ikikusubiri.

Bologna: tulipo sasa

Hiki ni kituo cha treni kuliko kingine chochote. Ferrara, Ravenna, Modena na Parma zote hufikika kwa treni ya mkoa. Stesheni yenyewe ndiyo mtego: kuna jukwaa 1, kuna 1 Ovest (magharibi) na kuna 1 Est (mashariki), na ni mahali patatu tofauti. Treni za kasi ziko chini ya ardhi, jukwaa 16 hadi 19. Jipe dakika 15 kutoka mlangoni. Ubao ukionyesha neno baada ya namba, neno hilo ndilo muhimu.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa hugongwa kwenye kimashine kabla ya kupanda, na kuanzia hapo hutumika kwa muda wa saa nne. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini ni kubwa kuliko nauli. Ya simu nayo lazima ithibitishwe kwa kiungo chake kabla ya kupanda. Siku ya mgomo, treni za mkoa zilizohakikishwa katika siku za kazi ni za saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Panga kwenda na kurudi ndani ya vipindi hivyo, au ubaki mjini.

Na kubaki Bologna si adhabu. Baraza zenye matao, zilizoingia katika urithi wa dunia mwaka 2021, hufunika kilomita 38 katika mji wa kale peke yake. Mvua ikinyesha unatembea mkavu. Ile ya kupanda hadi kanisa la San Luca kilimani ina matao 666. Kanisa la San Petronio ni bure, na sakafuni mna mstari wa jua wa mwanaastronomia Cassini wa mwaka 1655: nenda adhuhuri, uone doa la mwanga likiuvuka. Maktaba ya Salaborsa ni bure, ina joto na choo. Mnara wa Asinelli usiuweke kwenye ratiba. Umefungwa tangu Oktoba 2023 kwa sababu ya kuinama kwa Garisenda, jirani yake.

Ravenna nenda mara mbili. Tiketi ya pamoja inaingiza kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, kaburi la Galla Placidia na majengo mengine ya dayosisi, lakini kuyamaliza yote siku moja ni kuyanyima macho haki yake. Kaburi la mfalme Theodoric na kanisa la Sant'Apollinare in Classe yana tiketi zake. Kaburi la mshairi Dante, aliyefia huko mwaka 1321, ni bure.

Nyumba za Italia zina mambo mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. La kwanza ni umeme: mkataba wa kawaida wa nyumba ni kilowati 3. Oveni na mashine ya kufulia pamoja hukaribia au kuvuka hapo, ongeza birika la umeme na mita inakata. Mita huweza kuwa chini kwenye ngazi, nyuma ya kabati lenye ufunguo. Uliza ilipo siku ya kwanza, mchana. Plagi zetu za pini tatu bapa hazifai. Adapta ya pini mbili nyembamba huingia karibu kila mahali, lakini ile nene ya Kijerumani hugoma kwenye soketi nyingi za zamani.

La pili ni joto. Sheria hupanga tarehe za kuwasha radieta kwa ukanda. Padova na Bologna ni 15 Oktoba hadi 15 Aprili, saa 14 kwa siku. Firenze na Roma huanza 1 Novemba, saa 12. Mwishoni mwa Oktoba, nyumba ya mawe ya Firenze ni baridi kuliko ya Bologna kwa sababu hiyo tu.

Roma: maandalizi

Nyumba inatafutwa karibu na stesheni ya Trastevere au Ostiense. Treni ya FL1 kutoka uwanja wa Fiumicino husimama zote mbili kwa euro 8, wakati ile ya moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Termini ni 14. Tangazo la nyumba lisiloonyesha namba ya CIN, yaani namba ya kitaifa ya usajili wa nyumba za wageni, ambayo ni ya lazima tangu 1 Januari 2025, linarukwa hata likiwa rahisi. Maji hayanunuliwi: mabomba ya mitaani hutiririsha maji safi ya kunywa, chupa moja inatosha. Kwa makanisa yenye kazi za mchoraji Caravaggio, kama San Luigi dei Francesi, kuingia ni bure. Beba sarafu za kuwashia taa, na kumbuka mengi hufungwa mchana.

Tarehe zinapangwa zishike Jumapili mbili zinazofuatana. Jumapili ya mwisho wa mwezi makumbusho ya Vatican ni bure hadi saa 6:30 mchana, isipokuwa ikiangukia Pasaka, 29 Juni au Krismasi. Jumapili ya kwanza ya mwezi unaofuata ni zamu ya makumbusho ya serikali, pamoja na Pantheon, hekalu la kale, ambayo siku nyingine hulipiwa. Nyumba ikipatikana kwa tarehe hizo, tiketi ya kasi kutoka Bologna itakatwa siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo, tofauti na ya mkoa, hupanda bei kadiri viti vinavyopungua, na ile ya bei ya chini kabisa hairudishiwi fedha.