Pikipiki Mbili Nyuma ya Vario

Mwaka 2016 nilikuwa bado najifunza kuchomelea kwenye gereji ya mjomba wangu pale Uyole, Mbeya, jirani na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Malawi inaachana na ile ya Dar es Salaam. Gereji ikiwa mahali kama pale haikosi magari ya kila namna: malori ya shaba yanayotoka Zambia, mabasi ya Kyela, Fuso za viazi. Na kiangazi kinapoingia, hupita pia magari ya wazungu wanaoizunguka Afrika na nyumba zao mgongoni. Hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Lilipoingia moja niliacha nilichokuwa nacho mkononi nikaenda kulizunguka, niangalie tangi la maji limefungwa wapi, jiko limekaa vipi, ngazi imeshikwa na nini.

Lililoingia asubuhi hiyo lilikuwa Mercedes-Benz Vario. Zamani lilikuwa basi dogo la abiria huko Ujerumani. Wenyewe, mzee na mke wake, wote wastaafu, waling'oa viti wakaweka kitanda, kabati na jiko la gesi. Nyuma, nje ya bodi, walikuwa na keria ya chuma, na juu ya keria pikipiki mbili zimekaa kukingama, moja nyuma ya nyingine: Suzuki DR650 ya mzee na Yamaha AG200 ya mama, ile pikipiki ya shambani yenye keria mbele na nyuma. Tairi la akiba lilikuwa limening'inia hapo hapo, pamoja na madumu mawili ya dizeli.

Kabla hata injini haijazimwa niliona keria imelala upande wa kushoto. Mzee aliteremka akatuonyesha ufa, akasema anaomba tuupige weldi haraka, maana anataka kulala Iringa. Kiingereza cha mjomba kilikuwa kidogo, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Mjomba alichuchumaa, akaingiza kichwa chini ya bampa na tochi. Alikaa huko kitambo. Kisha akaniita.

"Pitisha ukucha hapa."

Nikapitisha. Ukucha ulinasa kwenye mpasuko mwembamba uliokuwa umeanza ukingo wa chini wa mhimili wa chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kupanda juu urefu wa kidole changu cha shahada. Ndani yake kulikuwa na kutu ya kahawia.

"Umeona? Weldi yenyewe nzima. Kilichopasuka ni chuma cha chesesi kando ya weldi. Na ufa wenye kutu si wa jana."

Yeyote aliyeitengeneza keria ile, na mzee alisema ilitengenezwa kwao kabla hawajasafiri, alichukua mikono miwili ya bomba la mraba akaichomelea moja kwa moja kwenye ncha za chesesi. Kwa macho inaonekana imeshika kweli. Lakini chesesi ya gari kubwa imeundwa ili ijipinde kidogo barabarani, na ukiichoma weldi ya kukata wima, chuma kilicho kando ya weldi hubadilika tabia kwa moto. Kila mtikisiko unakwenda kutua pale pale. Na gari hili lilikuwa limetoka Zambia kwa barabara ya Chinsali hadi Nakonde, ambayo miaka ile ilikuwa mashimo matupu.

Mjomba akasema, "Mwambie mzee, nikichomelea juu juu ataniona fundi mzuri mpaka Makambako. Baada ya hapo pikipiki zitalala barabarani, na nyuma yake kuna basi lina watu sitini."

Nilitafsiri kila neno. Mzee hakufurahi. Akasema keria ilijengwa kubeba pikipiki na pikipiki zenyewe si nzito. Hapo nikajua kwamba ilijengwa kwa pikipiki moja. Ile Yamaha waliinunua Afrika Kusini, safari ikiwa imeshafika katikati, kwa sababu mama alichoka kupakiwa nyuma kama mzigo.

Mjomba hakubishana naye. Jirani yetu alikuwa na ghala la viazi na mizani ya kusimama. Tulizishusha pikipiki, tukazisukuma mpaka huko, tukapima gurudumu moja moja, lile lingine limekaa juu ya mbao yenye kimo sawa na mizani ili pikipiki isiiname. Suzuki ikatoa 78 mbele na 87 nyuma, jumla kilo 165. Yamaha ikatoa 125. Tairi la akiba 55. Madumu mawili yaliyojaa, 40. Keria yenyewe tuliipima baadaye tulipoing'oa: kilo 80. Ukijumlisha vyote unapata 465.

Kisha akachukua tepu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, mita 4.25. Kutoka ekseli ya nyuma hadi katikati ya mzigo, mita 2.7. Akachora gari kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, magurudumu mawili na mkia, akazidisha 465 kwa 2.7, akagawanya kwa 4.25. Ikaja karibu 295.

"Hizi," alisema akiigonga ile namba kwa chaki, "ni kilo ambazo mzigo wake umezinyanyua kutoka magurudumu ya mbele. Na zote zimehamia nyuma, juu ya zile 465. Ekseli ya nyuma imebeba 760."

Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Nilidhani mzigo ni mzigo, popote ulipo kwenye gari. Mjomba akaniambia nishike ndoo ya maji karibu na kifua, halafu ninyooshe mkono. Sikumaliza kuunyoosha.

Mzee alikuwa kimya akiitazama ile chaki. Halafu akaanza kuuliza maswali, na maswali yake yakawa ndiyo majibu. Je, ndiyo sababu usukani umekuwa mwepesi tangu waliponunua pikipiki ya pili? Ndiyo. Je, ndiyo sababu usiku madereva wanaokuja mbele wanamwashia taa kumlalamikia, na yeye hajawasha taa kubwa? Ndiyo, mkia umekaa chini, taa za mbele zinatazama juu. Kuanzia hapo hakutaja tena Iringa.

Ninalisimulia hili kwa sababu naona watu wengi wakiendelea kubeba pikipiki nyuma ya magari kwa kutazama kilo peke yake. Mizani inakupa uzito gari likiwa limesimama. Barabara kuu ya kwenda Dar kila kijiji kina matuta, na kabla ya matuta kuna rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana. Magurudumu ya nyuma yakipanda tuta, mkia unarushwa juu, kisha unaporomoka, na kadiri mkia ulivyo mrefu ndivyo unavyorushwa zaidi. Kwa nukta ile moja chuma kinaweza kubeba mara mbili ya kile ulichokipima. Rudia hivyo kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam.

Mjomba alipendekeza Yamaha iteremshwe, impunguzie mzee mzigo. Pikipiki kwetu zinasafiri ndani ya buti la basi kila siku. Unamwaga petroli, unalegeza vioo, unalipia, unaipokea stendi unakokwenda. Angeweza kuituma Arusha siku ile ile. Nilipomtafsiria mama, alitikisa kichwa hata kabla sijamaliza. Alisema amejifunza kuendesha pikipiki akiwa na miaka sitini na kitu, na haachani nayo. Kisha akasema jambo ambalo mjomba hakulitarajia: kwenye barabara mbovu, keria ibebe moja tu. Hiyo nyingine ataiendesha mwenyewe.

Basi tukakubaliana hivyo, mjomba akataja bei ya kazi nzima, mzee akapokea bila kuvuta, tukaanza.

Cha kwanza, kabla mashine ya kuchomelea haijaguswa, aliniagiza nifungue waya za betri. Umeme wa mashine ukipita kwenye gari lenye betri iliyounganishwa unaweza kuua altaneta na vifaa vingine vya umeme. Tukaing'oa keria, tukakata mikono yake kwa grenda. Penye ncha ya ule ufa mjomba alitoboa tundu la milimita 6. Ufa unakimbia kwa sababu ncha yake ni kali. Ukiipa duara mbele yake unasimama. Kisha tukaufungua kwa grenda mpaka ukawa mfereji, akaujaza weldi polepole, tabaka baada ya tabaka, akiacha chuma kipoe chenyewe bila maji. Akasaga mpaka mkono ukipita hausikii kitu.

Mikono mipya hakuichomelea kwenye chesesi. Alichukua vipande vya chesesi ya lori lililokufa, akavilaza ubavuni mwa mihimili kutoka ncha ya nyuma hadi mbele kwenye kishikio cha springi, na kuvifunga kwa bolti. Ncha za vipande hivyo alizikata mshazari. Nikamuuliza kwa nini asizikate mraba, ni rahisi zaidi. Akasema chuma kigumu kikiishia ghafla, chuma laini kitavunjika pale kilipoishia. Lazima ugumu upungue taratibu. Bolti alichagua zile zilizochorwa 10.9 kichwani, alama ya bolti ngumu, na alitumia matundu yaliyokuwepo kiwandani ubavuni mwa chesesi. Ukingo wa juu na wa chini hakuugusa kwa drili hata mara moja, na mimi alinikataza mpaka leo.

Keria yenyewe tuliijenga upya kwa bomba jembamba zaidi, ikashuka hadi kilo 60, tukaivuta karibu na bodi mpaka katikati ya mzigo ikawa mita 2.5 kutoka ekseli. Tairi la akiba na madumu vilihamia chini ya tumbo la gari, kati ya ekseli mbili. Suzuki ikakaa upande wa ndani, Yamaha nje, kwa kuwa nyepesi ndiyo ya kukaa mbali. Mjomba akapiga hesabu tena sakafuni: kilo 350, mbele zinanyanyuliwa kama 205. Bado si kidogo, akamwambia mzee, lakini gari lina haki ya kuzibeba.

Taa zilikuwa jambo lingine. Pikipiki zilifunika taa za breki, indiketa ya kushoto na namba ya gari. Tulizihamishia kwenye ukingo wa keria pamoja na reflekta nyekundu kila pembe. Mtu anayekufuata usiku kwenye Mlima Nyoka, jirani na kwetu Uyole, hana njia nyingine ya kujua umeshika breki.

Na kufunga. Hapa mimi nilikuwa na langu la kusema, maana nimekulia kwenye pikipiki. Walikuwa wamezifunga kwa mipira, tena wamezisimamisha kwa stendi ya pembeni. Mpira unavutika, kwenye kila tuta pikipiki inacheza, na stendi inatoboa keria taratibu. Tulichomelea vibanio vya kushika gurudumu la mbele, tukakunja stendi, kisha tukatumia mikanda ya mizigo yenye meno ya kukazia, minne kwa kila pikipiki. Miwili ya mbele inavuta chini na nje kutoka kwenye foku, ile miguu ya mbele inayoshika gurudumu, mpaka shokapu zishuke kama nusu ya pale zinapoweza kufika. Zikishuka kidogo, pikipiki inaruka na mkanda unalegea. Zikishuka mpaka mwisho, sili za foku zinaumia. Mama alijifunza kuifunga ya kwake mwenyewe, na alikuwa anakaza vizuri kuliko mume wake.

Jioni ya siku iliyofuata tulitoka kujaribu hadi Inyala na kurudi. Mzee aliendesha, mjomba kakaa mbele, mimi nikapiga magoti kitandani kwao nikitazama kioo cha nyuma. Nilikuwa nimechora kioo kwa chaki, mstari mmoja sawa na usukani wa Suzuki. Tuta la kwanza usukani uliuacha mstari kwa upana wa kidole, ukarudi. La pili vivyo hivyo. Kwenye rasta ulitetemeka tu. Nilipiga kelele mbele, "Mjomba, imeshika!" na mama akanishika bega akicheka, ingawa hakujua nimesema nini.

Asubuhi kabla hawajaondoka, mjomba alichora mstari wa rangi nyeupe kwenye kila nati ukivuka hadi kwenye chuma, na kumwelekeza mzee: kila ukisimama kulala, chuchumaa uangalie. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, kaza. Akampa spana ya saizi hiyo.

Ujumbe ulifika kwenye simu yangu wakiwa Babati. Nati moja ya kushoto ilikuwa imesogea kidogo, mzee ameikaza. Kipande cha Kondoa kilichokuwa bado kinajengwa, mama alikipita juu ya Yamaha yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Kutoka Arusha akaandika tena: mistari yote imenyooka.