Ngoma zimetoka, diski zimeingia

Jamani, mikono bado inanuka mafuta ya breki hapa ninapoandika.

Gari langu la zamani lilikuwa na breki za ngoma nyuma na rimu za inchi 13. Leo ekseli ya nyuma imepata diski, na rimu za inchi 15.

Kung'oa ngoma hakukuwa na maneno, nyundo ya mpira ilimaliza. Kasheshe ilikuwa rimu.

Matundu manne, milimita 100 toka tundu hadi la mkabala wake. Kwa vipimo, kila kitu kinakubali. Navisha gurudumu, nalizungusha kwa mkono...

Krrrr.

Spoki inakwaruza kalipa, kile kibanio cha diski! Kipenyo kinatosha, ila rimu imekaa ndani mno.

Nikaweka spesa ya milimita 5, bamba la kusogeza rimu nje, na boliti ndefu zaidi, maana nati isipoingia ya kutosha, gurudumu linaweza kukuaga njiani.

Nikazungusha tena. Kimya. Kati ya spoki na kalipa kuna upenyo mwembamba unaopitisha mwanga, nami nimechuchumaa nautazama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga akilala. Sijui niliuangalia kwa muda gani.

Barabarani bado. Breki za nyuma zikibana kabla ya za mbele, gari linageuka lenyewe, kwa hiyo kwanza niweke valvu ya kupunguza shinikizo la breki za nyuma.

Na kebo ya breki ya mkono haifiki kwenye kalipa mpya. Mliowahi kufanya hii kazi, mlitafuta kebo ya gari lingine au mlitengenezesha? Tupieni picha hapa.