Siku moja maishani mwangu: mtunza maabara na maji ya bromini

Saa 12:00 asubuhi niko kituoni nasubiri daladala. Nikisema nafanya kazi maabara, swali linalofuata huwa ni hospitali gani. Nikijibu kuwa ni maabara ya shule, naona kabisa heshima ikishuka. "Ah, kumbe unaosha vile vichupa." Naam, naviosha. Leo nieleze kinachofanyika kabla havijachafuka.

Saa 1:00. Shule yetu ni ya serikali, hapa Morogoro, na maabara ina mabomba mazuri yasiyotoa maji. Wanafunzi wa zamu wananijazia ndoo. Shikamoo madam, marahaba, kazi inaanza.

Leo kidato cha nne wana vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kutofautisha haidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na haidrojeni tu, zilizoshiba na zisizoshiba. Zilizoshiba ni kama propani na butani zilizomo kwenye mtungi wa gesi ya kupikia: kaboni zimeshikana kwa kifungo kimoja kimoja, hazina nafasi ya kumpokea mgeni. Zisizoshiba, kama etheni, zina kifungo maradufu. Zikikutana na maji ya bromini, yaani bromini iliyoyeyushwa majini, kifungo kimoja kinafunguka, bromini inaingia, rangi ya machungwa inatoweka papo hapo. Pamanganeti ya potasiamu, kemikali nyingine ya kupimia, nayo inapoteza zambarau yake. Daftarini ni mistari miwili tu.

Saa 1:30 naanza na pamanganeti. Ukiifanya nzito, etheni itapita humo mpaka ichoke na hakuna atakayeona tofauti. Napima gramu 0.16 kwa mililita 100 za maji, halafu nachota kidogo na kuzimua tena mpaka ibaki waridi. Kisha naongeza asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Bila asidi, badala ya kimiminika kisicho na rangi wanapata matope ya kahawia, na nusu ya darasa itaandika kuwa jaribio limeharibika.

Saa 3:00 natengeneza etheni. Ethanoli inatangulia kwenye chupa, asidi kali ya salfuriki inafuata tone kwa tone huku chupa imekaa kwenye maji baridi, halafu vipande vya chungu kilichovunjika ili mchemko usirukeruke. Joto linapanda mpaka nyuzi 170 hivi. Likibaki chini sana unapata etha badala ya etheni. Baada ya muda mchanganyiko unakuwa mweusi, na hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu inatoka pia salfa dioksidi. Gesi hiyo nayo inaondoa rangi ya bromini na ya pamanganeti. Wanafunzi wangepata jibu sahihi kutoka kwa gesi isiyohusika kabisa, na wangefurahi! Kwa hiyo etheni naipitisha kwanza kwenye maji ya kostiki (soda kali), yanayoikamata salfa dioksidi. Hatua hii hakuna mwanafunzi anayeiona. Kumaliza: natoa mrija majini kwanza, ndipo nazima moto. Ukikosea mpangilio huo, maji yanavutwa kurudi ndani ya asidi inayochemka, na sitaki kueleza zaidi.

Chai na chapati moja, nimesimama.

Saa 4:20 mwalimu wa somo anachungulia mlangoni. "Dada, samahani, kuna kikao. Tutaingia saa saba." Anasema kana kwamba tunahamisha viti. Testitubu za etheni zina vizibo, zitasubiri. Maji ya bromini hayasubiri. Nimeshayagawa kwenye meza kumi, na kwa joto hili bromini inatoroka yenyewe. Ikifika saa saba watakuwa na maji ya njano hafifu. Nayakusanya yote, nayaua kwa thaiosalfeti, kemikali inayoimaliza bromini, nafungua madirisha, natengeneza mengine huku harufu ikinikaba koo. Katikati ya hayo mmoja anataka mkasi, mwingine anataka kuchaji simu, na ofisi ya taaluma inaomba nikatoe kopi, maana "wewe huna kipindi".

Saa saba wanaingia. Mwalimu anatoa maelekezo, anaitwa ofisini, anaondoka. Nabaki na vijana hamsini na kitu.

Etheni inakwenda vizuri. Kila kizibo kinachofunguliwa na testitubu kutikiswa, unasikia "ooh". Kisha meza ya dirishani inaniita. Kijana mrefu, mbishi wa kuzaliwa, ameinua testitubu ya heksani, ile haidrokaboni iliyoshiba ya kulinganisha na etheni. "Madam, hii nayo haijashiba. Maji yamekuwa meupe." Namwambia aiangalie tena, asiishie chini. Heksani haichanganyiki na maji, inaelea juu, na bromini inapenda kukaa kwenye heksani kuliko kwenye maji. Tabaka la juu ni la machungwa kabisa. Rangi imehama, haijatoweka. Somo linafundishwa kwa Kiingereza lakini ubishi ni wa Kiswahili, na meza tatu zimeshakuja kusikiliza.

Anakubali, nusu nusu. Anaiegemeza testitubu dirishani, palipo na jua la saa nane, anaandika. Baada ya dakika chache anaita tena, safari hii kwa sauti ya ushindi: tabaka la juu nalo limepauka. "Kwa hiyo kitabu kimekosea?"

Hapa ningeweza kumwambia asubiri mwalimu. Mimi si mwalimu, nakumbushwa hilo kila tunapogawana posho. Lakini nachukua testitubu mbili, naweka heksani na bromini sawasawa, natikisa. Moja naifunga foili niliyofungia chapati zangu, zote naziweka dirishani. Tunasubiri. Foili inafunguliwa: ile ya gizani bado ya machungwa, ya pili inafifia. Nawaeleza kuwa mwanga unaivunja bromini vipande viwili, na kipande kinanyang'anya heksani haidrojeni na bromini kuchukua nafasi yake. Ni kubadilishana, wala si kupokea, na bila mwanga halitokei. Etheni haikuhitaji jua. Kijana anakaa kimya kidogo, kisha anauliza mafuta ya alizeti je? Siyo haidrokaboni, namwambia, ila yana vifungo maradufu, leta kidogo kesho uone yanavyoondoa rangi.

Mwalimu anarudi kengele ikigonga. "Wamemaliza?" Wamemaliza.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoanza kuosha. Miguu inauma. Heksani haimwagwi kwenye sinki, inaingia kwenye chupa yake ya taka. Testitubu za pamanganeti zina utando wa kahawia usiotoka kwa sabuni. Unataka haidrojeni peroksaidi yenye asidi kidogo, unabubujika, kioo kinang'aa. Nusu ya rafu imekauka, mlinzi anagonga, na kwenye meza yangu kuna kikaratasi kutoka Baiolojia: panzi arobaini, kesho saa mbili, wawe hai.