Helsinki hadi Stockholm: saa moja angani, nusu siku njiani

Wenzetu wanaohamia Helsinki huku wana jamaa Stockholm huuliza swali hili mapema sana: ni mbali kiasi gani? Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 400, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Dodoma kwa ndege, na angani unakaa kama saa moja. Wengi hufunga hesabu hapo. Mimi huwaomba waendelee kuhesabu, hasa anayewahi mazishi au harusi.

Anza na tiketi. Ndege ikiondoka Helsinki saa nne asubuhi, utaandikiwa kufika Stockholm saa nne ile ile. Wakati wa kurudi, safari hiyo hiyo itaonekana ya saa mbili. Sababu ni kwamba Finland iko mbele ya Sweden kwa saa moja, na kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. (Wakati wa kiangazi saa za Helsinki na Nairobi zinalingana kabisa, raha kubwa kwa anayempigia mama simu kila jioni. Ukivuka kwenda Sweden unabaki nyuma ya nyumbani kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili.)

Sasa hesabu kutoka mlango hadi mlango. Treni kutoka katikati ya Helsinki hadi uwanja wa ndege ulioko Vantaa ni nusu saa hivi. Uwe umefika mapema kwa ajili ya mizigo na ukaguzi. Ukishatua Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, bado uko karibu kilomita 40 kaskazini mwa Stockholm. Treni ya haraka hukufikisha kituo kikuu kwa dakika kama 20, lakini nauli yake inauma. Basi ni nafuu na huchukua muda mrefu zaidi. Jamaa akiwa anaishi vitongoji kama Rinkeby au Tensta, kuna metro tena. Mimi humwambia mtu atenge saa tano, na akiwa na watoto wadogo, sita.

Ndiyo maana naipenda meli, na naisifia bila kuona haya. Viking Line na Silja Line huondoka Helsinki jioni, zinapita visiwa vya Åland usiku, na asubuhi mko Stockholm. Ni safari ndefu, lakini mnalala kitandani na watoto wana pa kukimbilia. Mnashukia mjini kwenyewe, na gari linaweza kupanda nanyi. Gari hilo hilo kwa barabara lingelazimika kuzunguka kaskazini hadi Tornio, mpakani na Sweden, kisha kushuka tena, zaidi ya kilomita 1,600, kwa sababu kati ya miji hii miwili kuna bahari.

Kwa msiba wa ghafla, panda ndege. Kwa sikukuu na likizo za shule, chukueni meli, na mkate tiketi mapema kwa sababu vyumba vya bei nafuu huisha haraka.

Na jambo moja la lazima, kwa ndege au kwa meli: beba pasipoti yako pamoja na kadi ya ukaazi. Jirani yako Mfini anaweza kuvuka na kitambulisho chake tu. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda unahitaji vyote viwili mkononi, na kagua tarehe za mwisho kabla hujalipa nauli.