Moyo Unapokimbia Bila Kukimbizwa

Niliinama kuokota chaki. Hilo tu ndilo nililofanya, saa nne asubuhi, mbele ya darasa la kidato cha pili hapa Tanga, na nilipoinuka moyo wangu ulikuwa umeshaondoka. Sisemi kwamba ulidunda kwa nguvu, kama unavyodunda mtu anapopanda ngazi au anapokoswakoswa na pikipiki, maana mapigo ya namna hiyo hupanda taratibu na kushuka taratibu. Huu uliwaka kama taa, kutoka mwendo wa kawaida hadi mbio zisizohesabika, baina ya pigo moja na linalofuata. Niliegemea meza nikaendelea kusoma sentensi iliyokuwa ubaoni, hadi binti mmoja wa dawati la mbele aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mbona shingo inakucheza?"

Miaka sita baadaye daktari wa moyo aliniambia kwamba binti yule alikuwa ameona dalili ambayo wengi huikosa. Katika aina ya maradhi niliyonayo, vyumba vya juu na vya chini vya moyo hujikaza kwa wakati mmoja badala ya kupokezana, kwa hiyo damu ya juu hukuta mlango umefungwa, hurudi nyuma kwenye mishipa ya shingo, na shingo ikaonekana ikipwita kama koo la chura.

Katika miaka hiyo sita niliambiwa nina presha, kisha nikaambiwa nina vidonda vya tumbo, kisha nikaambiwa nina mawazo mengi, na mama mkwe wangu, kwa mapenzi yake, akaniletea kombe nililolinywa kwa heshima yake. Simlaumu yeyote sana. Maradhi haya hayaachi nyayo: yanakuja ghafla, yanakaa dakika kumi au saa mbili, kisha yanakatika ghafla vilevile, na mara zote nilipofika hospitali moyo ulikuwa umeshatulia, karatasi ya ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, ikitoka safi kabisa. Hata kile kifaa cha kuvaliwa kifuani kwa saa 24 hakikupata kitu, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa ukikimbia labda mara moja katika miezi miwili, na siku ile uliamua kuwa na adabu. Lililoniuma ni namna neno "wasiwasi" linavyotolewa haraka kwa mwanamke anayelalamikia moyo. Wasiwasi nilikuwa nao, bila shaka, lakini ulikuwa unakuja nyuma ya mapigo.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, ambaye ni tabibu katika zahanati. Aliniambia, "Shemeji, usiende kuwaambia moyo unakwenda mbio, wapelekee namba." Tatizo ni kwamba mbio zile huwezi kuzihesabu kwa mdomo, ulimi unachelewa. Basi akanifundisha kushika mshipa wa mkono mmoja na kwa mkono mwingine kugonga nukta kwenye karatasi kwa kalamu, kila pigo nukta moja, kwa sekunde 15, halafu kuzihesabu nukta kwa utulivu na kuzidisha kwa nne. Mara ya kwanza nilipata nukta 48. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wangu, nikiwa nimekaa kitandani, ulikuwa unapiga 192.

Nilimpelekea daktari karatasi ile ya nukta pamoja na saa za kuanza na kumalizika, na chini nikaandika, kwa aibu kidogo, kwamba baada ya kila tukio hukojoa sana kama niliyekunywa ndoo ya maji. Hapo ndipo alipovua miwani. Alieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vikijaa na kutanuka hutoa homoni inayoziamuru figo zimwage maji, na kwamba mstari ule ulimsaidia kuliko maelezo yangu mengine yote. Akaniagiza safari ijayo nisisubiri ipite, nikimbilie mahali popote palipo karibu penye ECG. Ikawa hivyo, na mapigo yakanaswa kwenye karatasi. Nakala yake nimeitia plastiki na haitoki mkobani.

Jina la maradhi haya madaktari hulitaja kwa herufi tatu, SVT, yaani mbio za moyo zinazoanzia juu ya vyumba vya chini. Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia kwenye chumba cha juu cha kulia na kupitia kituo cha katikati kabla ya kushuka chini. Katika kituo hicho mimi nina njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole. Siku nyingi hiyo ya polepole haina kazi, lakini pigo moja likiwahi kabla ya wakati wake hukuta njia ya haraka bado imepumzika, hushuka kwa ile ya polepole, kisha hupanda kwa ile ya haraka ambayo sasa imeamka, na kuanzia hapo umeme unazunguka kama gari lililoingia kwenye kipilefti likakosa pa kutokea.

Kuukatiza mzunguko huo ni kuifunga njia mojawapo kwa sekunde chache tu, na mwili wenyewe una breki. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano: naegemea mito, napuliza kwa nguvu inayotosha kusogeza kidogo ule mpini wake kwa sekunde 15, kisha nalazwa chali mara moja na mtu ananiinua miguu kwa sekunde nyingine 15. Kupuliza kwa kujibana kunabeba jina la Valsalva, tabibu wa Italia aliyekueleza mwaka 1704 kwa ajili ya kusafisha masikio, lakini kulala na kuinuliwa miguu ni jambo la juzi: katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, njia hii ilirudisha moyo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya 17 kwa kupuliza peke yake. Mume wangu mwanzoni aliinua miguu yangu kama anayekung'uta gunia. Shuleni kazi hiyo anaifanya mwalimu mwenzangu wa hisabati, na tangu siku ile ya kwanza ofisini mimi huvaa suruali nyepesi ndani ya gauni. Kukanda mshipa wa shingo, ambako watu hushauriana, mwachieni daktari.

Mara mbili kupuliza kulishindwa nikaishia kwenye sindano ya adenosini, dawa inayoukata umeme wa kituo kile cha katikati kwa sekunde chache. Muuguzi aliuliza kwanza kama nina pumu na kama nimekunywa chai au kahawa, kwa kuwa kafeini huipunguza nguvu dawa hiyo, kisha akaisukuma kwa kasi kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko na maji nyuma yake. "Utajisikia vibaya sana, mwalimu, lakini si kwa muda mrefu," alisema, na alikuwa mkweli. Kifua kilijaa uzito, uso ukawaka moto, na kwenye kioo cha mashine niliuona mstari wa moyo ukinyooka. Nikajua ninakufa. Halafu pigo moja, jingine, na nikasikia feni ya darini ikizunguka.

Siku za kawaida hazina mambo mengi. Nameza bisoprolol asubuhi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ambayo inanifanya nichoke mapema nikipanda ngazi. Chai ya rangi nimeibakiza kikombe kimoja. Dawa za mafua za kufungua pua sinunui bila kumwuliza mfamasia. Na katika Ramadhani nakunywa maji mengi kati ya futari na daku, baada ya kuruhusiwa na daktari, kwa sababu kiu na usingizi haba ndivyo vinavyoniponza zaidi. Nikisikia maumivu ya kifua, pumzi kubana au giza machoni, sishughuliki na bomba. Tunakwenda hospitali moja kwa moja.

Imebaki tiba ya kuumaliza kabisa, ambayo ni kupitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni na kuiunguza ile njia ya polepole. Inafaulu kwa zaidi ya watu tisa katika kumi, lakini ipo hatari ndogo ya kukiharibu kituo chenyewe na kuhitaji betri ya moyo maisha yote, na hatari hiyo ndogo ndiyo iliyoniweka mwaka mzima. Barua ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iko kabatini chini ya vyeti vya watoto. Juzi nimekuta mume wangu ameitoa na kuiweka juu ya televisheni, pamoja na ratiba ya mabasi ya alfajiri. Sijairudisha kabatini.